Wafuasi 83 Tu, Niache?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Huu ni mwezi wa tano tangu nianze kuweka mtandaoni video za mapishi ya kwetu Kusini. Nina wafuasi 83, nusu yao ndugu zangu. Nimechoka. Niache? – Binti wa Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache hata kidogo. Ile ya ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, nimeitazama mara tatu. Pale unapomenya, vidole vinaungua, unapuliza huku mvuke umekuziba uso, nilijiona jikoni kwa mama yangu, Lindi. Ila kabla ya hapo umetusalimia na kutuomba tukufuate dakika nzima! Anza na sufuria.

Kuna mama aliuliza unachemsha ming'oko kwa muda gani. Mpaka leo hujamjibu. Mjibu leo, tafadhali; huyo ndiye atakayemwita jirani yake aje kukutazama.

Wafuasi wa kununua, wakatae kabisa. Hawapiki, hawaulizi.

Video moja kila Ijumaa inatosha. Oktoba, korosho zikianza kudondoka, nenda shambani. Wengi huijua korosho ikiwa imekaangwa tu. Waoneshe bibo, lile tunda linaloshika korosho, lilivyo, na mkono unavyoinyonga korosho mpaka itoke. Hiyo nitaingoja.