Amekunywa mafuta ya taa: tumtapishe?

SWALI: Mwanangu wa mwaka na nusu alikunywa mafuta ya taa. Jirani alikuwa anajaza jiko la mchina uani, na mafuta yalikuwa kwenye chupa ya maji. Nilimkuta anakohoa, shati limelowa. Bibi yake akataka tumtapishe kwa kidole, kisha tumpe maziwa. Nilikataa, nikakimbilia zahanati. Mpaka leo bibi amenuna. Je, nilikosea?
Mama wa mtoto mmoja, Mbagala

JIBU: Hukukosea, mwanangu. Nimeuguza wodi ya watoto, na niliokuwa nawahofia zaidi ni wale waliotapishwa nyumbani. Mafuta ya taa ni mepesi, yanateleza, na hatari yake kubwa ni kwenye mapafu kuliko tumboni. Yakipenya njia ya hewa hata kidogo tu, mapafu huvimba. Kumtapisha mtoto ni kuyapitisha kooni mara ya pili. Maziwa nayo hayaui sumu hiyo. Yanajaza tumbo, mtoto anatapika mwenyewe. Mawese na maji ya chumvi ni hivyo hivyo. Bibi alitaka kumwokoa mjukuu, basi mweleze taratibu.

Kile kikohozi ulichokisikia ndicho kilichonitisha. Mtoto akikohoa baada ya kunywa mafuta, huenda mengine yameshaingia kifuani, na hapo ni hospitali tu.

Hukusema kama ulimvua shati. Nguo iliyolowa mafuta huunguza ngozi, na mtoto huendelea kuvuta ule mvuke. Mvue, msafishe kwa maji na sabuni upesi, kisha ondokeni, na chupa uibebe daktari aione.

Wakikuambia akae chini ya uangalizi saa sita au zaidi, tafadhali kubali, hata kama hakuchomwa sindano wala kupewa dawa. Wanaangalia anavyopumua, maana shida huweza kuanza baadaye. Mkisharudi nyumbani, ukimwona anahema haraka, mbavu zinabonyea ndani, ana homa, anasinzia kupita kawaida au midomo imekuwa ya bluu, mrudishe saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.

Sasa ile chupa. Mtoto wa umri huo akiona chupa ya maji, kwake ni maji. Mafuta yakae kwenye kidumu chenye mfuniko wa kukaza, kabatini juu, na yasiwekwe chini hata wakati wa kujaza jiko. Ongea na jirani bila ugomvi. Kama hana kidumu, mpatie kimoja.