Lori lile ndilo roboti halisi la Terminator 2

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama Terminator 2, muvi ya roboti ya 1991, iliizidi ile ya kwanza ya 1984. Nasema hapana. Ila swali ningelipindua kidogo: kati ya muvi hizo mbili, ni ipi yenye mashine inayobaki na jeraha lake? Roboti ni chuma, na chuma kikigongwa hakisahau. Ekseli ikipinda leo, tairi zitalika upande mmoja hadi uinyooshe. Anayepita Salgaa, kwenye barabara kuu ya malori Kenya, kila wiki, au fundi mwenye kibanda cha jua kali pale Kibuye, Kisumu, hahitaji kuelezwa hilo.

Ile ya kwanza inaheshimu hesabu hiyo. Arnold Schwarzenegger, roboti muuaji, anaumia mkono, anaupasua na kurekebisha fito za ndani. Jicho linaharibika, analing'oa kwa kisu na kuvaa miwani nyeusi. Nyusi zinaungua. Trela la mafuta linampitia, anaanza kuchechemea, na nyama ikiisha kuteketea kikabaki kiunzi kitupu, bado kinachechemea. Bomu linamkata nusu, anatambaa kwa mikono. Hakuna kilichosahaulika, na walikuwa na dola milioni sita na kitu tu.

Adui wa ile ya pili, T-1000 wa Robert Patrick, ni chuma cha majimaji. Risasi inaingia, tundu linajifunga. Oscar ya picha za kompyuta waliistahili kabisa, lakini mashine isiyobaki na kovu hainitishi.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye tukio la mfereji katika ile ya pili. Yule dogo anayewindwa na T-1000, John Connor, anakimbia na pikipiki, Honda XR ndogo, ndani ya mfereji wa zege wa maji ya mvua, Los Angeles. (Injini ya XR hunywa petroli tupu, lakini sauti waliyoibandika ni ya pikipiki za kuchanganyiwa oili kwenye tangi. Mtu wa boda ataisikia papo hapo.) Juu ya daraja linatokea lori la kuvuta magari linaloendeshwa na T-1000, Freightliner ya uso bapa, ile ambayo dereva huikalia injini. Linavunja ukuta wa daraja na kushuka kwa pua. Si kompyuta: ni lori kweli, limerushwa kweli. Litazameni linapotua. Uzito wote wa mbele unashukia springi, springi zinalala, kichwa kinazama, bampa inalima zege. Kwenye barabara zetu lingeishia hapo hapo: ekseli ya mbele imerudi nyuma, usukani hauitiki, feni imekula rejeta na maji yote yako chini. Muvi inaliacha liendelee, nami nalisamehe kwa sababu halirudi kuwa zima. Vioo vimekwisha. Kisha linakuja daraja lililo chini kuliko lori. Walipokuwa wakipiga picha waligundua lori halitapita chini yake, na badala ya kutafuta mfereji mwingine, James Cameron akaandika kwamba paa linyolewe. Linanyolewa! T-1000 anainama, anainuka, anaendelea kukanyaga mafuta akiwa amekaa wazi upeponi.

Ndipo Schwarzenegger, ambaye safari hii ni roboti jema la kumlinda John, anaporuka ndani ya mfereji na Harley-Davidson Fat Boy. Pikipiki ya karibu kilo 300 ikitua peke yake kutoka kimo kile, fremu ingepinda na mpandaji angevunjika mgongo. Kwa hiyo ilining'inizwa kwa nyaya za kreni, mtu mwingine akiwa juu yake badala ya mwigizaji, kisha kompyuta ikafuta nyaya. Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta ninayoipenda: uzito unabaki ule wa kweli, kinachofichwa ni kamba tu.

Mwishowe risasi inapasua tairi la mbele, usukani unavuta upande, lori linajigonga kwenye nguzo ya zege na kulipuka. Dizeli hailipuki kirahisi namna ile, lakini tuliache. Gurudumu moja linatoka motoni likiwaka, linabiringika peke yake. Nyuma yake anatoka T-1000, hana hata mkwaruzo. Dakika zote zile tumeona lori likipoteza kioo, paa, tairi na hatimaye uhai, halafu aliyeliendesha anatoka mpya kama ametoka dukani.

Lakini kuna toleo refu, lililotoka 1993, na nikiliweka mezani hapana yangu inalegea. Kwenye kiwanda cha chuma T-1000 anamwagikiwa na nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri, anavunjika vipande, kisha joto la tanuri linamyeyusha na kumuunganisha tena. Katika toleo la kawaida anaamka mzima. Katika lile refu anaamka mbovu: mkono wake unanata kwenye reli na kuchukua mistari yake ya njano na nyeusi, nyayo zinayeyukia sakafu. Na kosa hilo lina kazi: anapojigeuza kuwa Sarah, mama yake John, kijana anatazama miguuni na kumtambua. Hiyo ni mashine. Ukiongeza na roboti letu jema, ambalo mkono wake umeachwa kwenye giya za kiwandani, limechomwa nondo mgongoni na limehamia umeme wa akiba, hesabu ya majeraha inakuwa sawa na ya 1984, pengine zaidi.

Toleo hilo nalo lina uzembe wake. Ndoto ya Sarah kumwona Kyle Reese, baba yake John aliyekufa katika ile ya kwanza, inapunguza mwendo pale ambapo hatukutaka kusimama. Kura yangu sasa: ndiyo, iliizidi, kwa toleo refu peke yake. Angalieni muda kabla ya kubishana. Nakala ya kawaida ina dakika 137, ile refu inapita 150. Mwenye ya 137 abaki na ile ya kwanza, nami nitakuwa upande wake.