Kabla hujaandika kwamba wilaya imepoteza watu

Wadogo zangu mnaoanza uchambuzi wa sera, wiki hii nimerudisha rasimu ya tatu inayodai wilaya ya Arua, hapa Uganda, imepungukiwa watu tangu sensa ya 2014. Arua imegawanywa! Madi-Okollo ilijitenga 2019, Terego na Jiji la Arua zikafuata 2020. Nawapenda, lakini hili linanichosha, maana machungu yake nimeyaonja.

1. Fungua ramani kabla ya jedwali. Nikiwa mgeni kama ninyi, nilichukua ripoti ya zamani ya sensa ya 2002, nikalinganisha idadi ya watu wa wilaya ya Moroto na ile ya sensa ya 2014. Idadi ilikuwa imeshuka vibaya. Nikajaza kurasa nane za sababu: wizi wa mifugo, ukame, vijana kukimbilia Mbale na Kampala. Yote hayo yapo Karamoja, eneo la Moroto, ndiyo maana ofisini hakuna aliyeshtuka. Nikapendekeza maghala ya nafaka yapunguzwe, kisha nikapanda gari hadi Moroto kuisoma ripoti yangu mbele ya maofisa wa wilaya.

Mzee mmoja wa mipango aliniacha nimalize. Akauliza kwa upole, "Mwanangu, watu wa Bokora umewapeleka wapi?"

Bokora, zamani sehemu ya Moroto, ndiyo Napak, wilaya inayojitegemea tangu 2010. UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, ilikuwa imekwisha kuzipanga upya takwimu za 2002 kwa mipaka mipya, ila mimi sikuzitafuta. Usiku ule sikupata usingizi. Kule mavuno ni mara moja kwa mwaka. Familia ambayo ghala lake limefutwa kwa sababu yangu ingekula nini kabla ya mvua?

2. Bajeti ya taifa hupitishwa kufikia 31 Mei. Wazo lako lifike mapema.

3. Takwimu za forodha za Busia, mpakani na Kenya, hazina mahindi yanayovuka kwa baiskeli. Soma pia utafiti wa biashara isiyo rasmi wa UBOS na Benki Kuu, halafu nenda mpakani alfajiri, usimame, uhesabu. Kina mama wa pale watakuambia bei ya leo Kenya kabla hujafungua daftari, nao hunikumbusha yule mzee wa Moroto: wanaojua wapo, ila hawaulizwi.

4. Shilingi milioni 100 za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, kufika kwenye parishi (kitengo cha utawala kilicho juu ya kijiji) si sawa na kumfikia mkulima. Omba daftari la SACCO, chama cha akiba na mikopo kinachozigawa.

Rasimu ya Arua naisubiri Jumatatu, pamoja na ramani mbili: ya 2014 na ya leo.