Hirizi za Mafarisayo

Wiki hii mmeuliza kama Mkristo wa kawaida anahitaji kujua mila za Kiyahudi ndipo aelewe Agano Jipya. Mimi ugomvi wangu ni wa neno moja tu: hirizi.

Katika Mathayo 23:5, Biblia yetu ya Union, Yesu anawasema Mafarisayo kwamba "hupanua hirizi zao, huongeza matamvua yao". Siku tuliyousoma mstari huo jumuiyani, sebuleni kwa jirani yangu, mwinjilisti alifunga kitabu akatuambia: haya, mmejionea, hata Mafarisayo walikuwa wanakwenda kwa waganga. Watu wakacheka. Kiherehere kikanishika, nikanyoosha mkono. Mwalimu, nikasema, hivyo ni vikasha vya ngozi, Wayahudi huviita tefilini. Ndani mna maneno ya Torati, hufungwa mkononi na kwenye paji la uso kwa agizo la Kumbukumbu la Torati 6:8. Vya zama zile vimeokotwa kwenye mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, vingine vidogo kuliko kiberiti.

"Ndugu yangu, ikiandikwa hirizi ni hirizi."

Bibi mmoja mwenyeji wa Pangani, aliyekuwa mkekani muda wote kimya, akasema kama anayejisemea: "Mie nilivalishwa utotoni, kabla sijabatizwa. Ngozi, imeshonwa kwa uzi mweusi, ndani karatasi ya aya." Akapandisha mkono wa gauni kutuonyesha ilipokuwa ikikaa, juu ya kiwiko. Nikaishiwa maneno. Tefilini ya mkono nayo hukaa papo hapo.

Nilishika kalamu niwalaumu watafsiri. Lakini Mathayo mwenyewe aliandika filakteria, neno ambalo Wagiriki walilitumia hata kwa hirizi za kawaida, sasa niwatwike nini? Kinyongo kimebaki kwenye matamvua, zile nyuzi za pindoni mwa vazi la Myahudi. Neno lile lile la Kigiriki la matamvua limo katika Mathayo 9:20, yule mama mwenye kutoka damu anapoligusa vazi la Yesu, ila sisi pale tunasoma habari za pindo. Basi humwoni Yesu na matamvua yake kama Myahudi yeyote, akikemea wanaoyarefusha watazamwe, siyo wanaoyavaa.

Kwa hiyo ndiyo, mila hizo tuzijue. Au tuseme mwinjilisti azijue, maana bibi yule nusu alikuwa nayo tayari bila darasa. Ingawa naye, tulipokuwa tunarudi, aliniuliza: "Mwanangu, sasa Yesu naye alikuwa na hirizi?" Hadi tunafika kwake nilikuwa bado natafuta pa kuanzia.