Maswali ya Wasomaji: Muziki wa Kazini, Redio ya Askari na Santuri za Jeshi

SWALI: Nina karakana ya kushona sare za shule, cherehani za umeme kumi na nane. Nimefunga spika moja kubwa mlangoni na redio inalia kutwa. Walio karibu wanalalamikia kelele, walio mbali hawasikii, na kazi haijaongezeka. Nasikia Waingereza walitumia redio viwandani wakati wa Vita vya Pili. Walifanyaje? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Kwanza, hawakupiga kutwa. Kipindi cha BBC kiitwacho Music While You Work, kilichoanza tarehe 23 Juni 1940, kilikuwa cha nusu saa tu: saa nne na nusu asubuhi, tena saa tisa alasiri. Baadaye kikaongezwa cha zamu ya usiku. Saa hizo hazikuokotwa tu. Ndipo mtu anayerudia kitendo kilekile huanza kuchoka na mkono kuzubaa. Muziki usiokoma sikio huuzoea, likaacha kuusikia.

Pili, nyimbo zilichujwa. Zilitakiwa ziwe zinazojulikana, zenye mwendo usioyumba, zifuatane bila mtangazaji kuingilia, na uimbaji uwe haba. Za polepole ziliwekwa kando, na zile ambazo mdundo wake hufunika tuni pia. Wimbo mmoja wa Kimarekani ulipigwa marufuku kwa sababu una mahali pa kupiga makofi: wafanyakazi waliacha kazi wakapiga, wengine wakagonga kwa zana walizoshika. Kwa fundi wa cherehani hatari iko kwenye maneno. Anayefuata hadithi ya wimbo hutoa jicho kwenye mshono. Vipindi vya salamu na mpira viache kwa wakati wa mapumziko.

Lililo kubwa kuliko yote ni usawa wa sauti. Kelele za mashine humeza vipande vya sauti ndogo. Ukiongeza sauti ili visikike, vya sauti kubwa vinaumiza. Ndiyo maana bendi zilitakiwa kupiga kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Wewe sawazisha nyimbo kwa programu ya kompyuta kabla ya kuzitia kwenye flashi.

Kisha shusha hiyo spika ya mlangoni. Kwa chumba cha mita 10 kwa 8, funga spika nne ndogo, kimo cha mita 2.5 hadi 3, zikielekea chini. Tumia laini ya volti 100 (mfumo wa waya za sauti kutoka kwenye amplifaya, si umeme wa ukutani): kila spika iwe na transfoma yake, uichague kwenye wati 5 au 10. Jumlisha wati za spika zote, kisha nunua amplifaya inayozidi jumla hiyo angalau kwa robo. Spika nne za wati 10 zinataka amplifaya ya wati 50 au 60. Makosa ya mafundi wetu ni mawili. La kwanza ni kuunga spika ya kawaida ya omu 8, isiyo na transfoma, moja kwa moja kwenye laini hiyo, nayo inaungua. La pili ni kugeuza waya za spika moja, chanya kwenye hasi: sauti zinauana katikati ya chumba, besi inapotea, na mwenye mali anadhani ameuziwa spika mbovu.

Kabla ya yote, simama urefu wa mkono kutoka kwa fundi, mashine zote zikiwa zinafanya kazi. Kama lazima upaze sauti ili akusikie, huenda kelele zimefika desibeli 85. Hapo usiongeze muziki. Nunua vizibo vya masikio. Na kwa kuwa ni muziki wa mahali pa biashara, ulizia leseni kwa Uganda Performing Right Society.

SWALI: Babu yetu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akapelekwa Burma wakati wa Vita vya Pili. Je, huko msituni walisikiliza redio? (Msomaji, Bombo)

JIBU: Askari wa kawaida aliye mstari wa mbele, kwa nadra sana. Redio za wakati huo zilikuwa za vali (taa za kioo zilizotumika kabla ya transista), zikihitaji betri nzito, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya Uganda ndani yake, ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua. Unyevu huingia kwenye kapasita za karatasi, umeme unavuja, redio inakoroma kisha inazima. Mtambo mkubwa wa Radio SEAC, redio ya askari wa Waingereza na washirika wao kule Ceylon (Sri Lanka ya leo), wa kilowati 100, ulianza kazi 1946, vita vimekwisha.

Burudani iliwafuata kwa miguu. KAR ilikuwa na kitengo cha burudani, na Fundi Konde, mpiga gitaa wa Kenya, alizunguka nacho Ceylon, India na Burma. Lilikuwepo pia gazeti la Kiswahili la askari, Heshima. Ukikuta nakala kwenye sanduku la mzee, usiikunjue kwa nguvu, na usiipitishie plastiki ya moto.

SWALI: Nimenunua santuri za inchi 12 zilizoandikwa V-Disc. Nizipige kwa gramafoni ya marehemu baba? (Msomaji, Entebbe)

JIBU: Usizipige. Hizo ni santuri za jeshi la Marekani, zilizotolewa 1943 hadi 1949, na upande mmoja huchukua hata dakika sita na nusu. Nyingi ni za plastiki, na mkono mzito wenye sindano ya chuma huzichimba. Tafuta meza ya santuri ya umeme yenye mwendo wa 78 (mizunguko 78 kwa dakika), pamoja na sindano ya santuri za 78, yenye ncha ya mikroni 70 hivi. Sindano ya LP (santuri za baadaye za mwendo wa 33), ya mikroni 18, huzama chini ya mfereji, nawe utasikia mikwaruzo kuliko muziki. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo bila kulowesha lebo, zikauke zikiwa wima. Spiriti usiitumie, kwa maana ikitokea moja si plastiki bali ni sheli (shellac, utomvu uliotengenezea santuri za zamani), itaharibika.