Chawa wa bintiyo wamerudi, au hawakuondoka?

SWALI: Assalaam alaykum Bi Mfamasia. Nina binti wa miaka 14, nywele zamfika kiunoni, na mdogo wake wa miaka 11. Wanalala kitanda kimoja. Tangu Ramadhani tuko na chawa. Natia dawa ya dukani, wanakwisha, baada ya wiki mbili hao tena. Godoro nimelianika, nimelipuliza na dawa ya mende. Bibi yao asema tutie mafuta ya taa au tuwanyoe. Mkubwa sasa hataki hata nimguse kichwa. Nifanyeje? – Mama Wawili, Kisauni

JIBU: Wa alaykum salaam, shoga yangu. Kwanza chupa ya mafuta ya taa irudi mahali pake. Yanababua ngozi, na mtoto mwenye mafuta ya taa kichwani akipita karibu na jiko, balaa lake ni kubwa kuliko chawa. Dawa ya kupe wa mbuzi pia hapana. Naulizwa sana hapa dukani Mwembe Tayari na sitachoka kukataa. Godoro nalo liache. Chawa wa kichwani anaishi kwa damu, akianguka hamalizi siku mbili. Dawa ya mende wanaivuta wanao usiku kucha, na chawa wako juu wanastarehe.

Kila mama akiniambia “wamerudi” mimi humuuliza: umewaona lini, na wana ukubwa gani? Ukichana kesho yake baada ya dawa ukawakuta wazima, wakubwa kwa wadogo, basi dawa haikuwaua. Ukikuta wadogo tu baada ya wiki moja hivi, hao wametoka kwenye mayai yaliyosalia. Na kichwa kikiwa safi wiki nyingi, kisha ghafla ukaona jike zima kiasi cha punje ya ufuta, huyo amepanda kutoka kichwa kingine. Wiki mbili zako wewe zaniambia ni mayai. Yai huanguliwa kwa siku 7 hadi 10, na kitoto chake kwa siku nyingine kama 10 kimeshakua, nacho chataga. Dawa nyingi haziui mayai yote. Hukuniandikia kwamba ulirudia dawa, nami nadhani hukurudia, maana kichwa kilionekana kizuri. Rudia siku ya 9, hata kama huoni kitu.

Sasa upakaji. Ikiwa dawa yako ni permethrini, ya kichwa ni ile ya asilimia 1. Ya asilimia 5 ni ya upele wa mwilini. Soma karatasi iliyomo kisandukuni. Nywele zioshwe kwa shampuu tupu, zikaushwe kwa taulo, ndipo ipakwe, ikae dakika 10, isuuzwe. Kondishena usitie kabla, wala mafuta ya nazi, kwa sababu dawa itateleza badala ya kushika. Najua msichana wa miaka 14 mwenye nywele kiunoni hakosi kondishena! Na nywele hizo chupa moja haizitoshi. Nusu ya kichwa ikikosa dawa, hiyo nusu ndiyo mbegu. Ukipaka sawasawa na kesho yake bado wanatembea, usiongeze dawa ileile. Siku hizi wako chawa waliokwisha kuizoea. Muulize mfamasia wako kuhusu dimethikoni, inayowaziba pumzi. Hiyo hawawezi kuizoea kirahisi.

Lakini kitu ninachokiamini kuliko chupa zote ni kitana cha chuma chenye meno ya kubanana. Hapa kondishena inaruhusiwa, tena nyingi, kwa kuwa chawa kwenye nywele zilizolowa na kuteleza hukimbia polepole. Gawa nywele mafungu, chana kila fungu tangu ngozi hadi ncha, pangusa kitana kwenye kitambaa cheupe uone kinachotoka. Anza nyuma ya masikio na kisogoni. Fanya hivyo kila baada ya siku tatu, kwa wiki mbili. Inachosha, sisemi uongo. Mayai yaliyo mbali na ngozi zaidi ya sentimita moja yasikutie hofu: nywele hukua sentimita moja hivi kwa mwezi, hayo ni maganda matupu.

Kisha huyo binti. Hataki umguse kwa sababu kichwa chake kimekuwa mazungumzo ya nyumba nzima, hadi bibi ametoa hukumu. Mwite chumbani, funga mlango, mwambie chawa hajali uchafu wala usafi. Anachotaka ni kichwa kilichogusana na kichwa. Haruki, hana mbawa. Vichwa vya wasichana wa rika lake hugusana wakitazama simu moja, wakilaliana kwenye matatu, wakilala wanne kitandani siku za harusi. Mpe kitana na kioo, mbele ajichane mwenyewe, wewe umalizie nyuma. Na yeye ndiye awaambie mashoga zake wawili watatu wa karibu. Ukiwapigia simu mama zao wewe, hatakusamehe mpaka aolewe.

Siku hiyohiyo tazama vichwa vyote vya nyumbani, cha babao na cha bibi pia. Mdogo anayelala naye apakwe pamoja naye. Mito, taulo, hijabu na vile vikofia vya ndani vifuliwe kwa maji moto. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko wa plastiki wiki mbili. Basi, nyumba imekwisha.

Kunyoa kunaondoa chawa, sikatai. Ila uamuzi huo wa kichwa cha msichana wa miaka 14 mwachie mwenyewe.

SWALI: Mimi ni mvulana wa miaka 16, Likoni. Nina vitu vyeupe kichwani na wenzangu wananiita Chawa. Je, mashine ya kinyozi huleta chawa? – Sitaki Jina

JIBU: Mwanangu, kipulize au kikung’ute hicho kitu cheupe. Kikianguka ni mba. Yai la chawa limegandishwa kwenye unywele, halitoki mpaka ulivute kwa kucha. Kichwa kilichopita mashine kila mara kina nywele fupi mno kwa chawa kushika na kutaga. Kwa kinyozi mimi ningeogopa mapunye: mabaka ya mviringo yenye nywele zilizokatika. Ukiwa nayo, nenda zahanati, maana huhitaji dawa ya kumeza, na krimu peke yake haifiki kwenye mizizi ya nywele. Ikiwa ni mba, njoo dukani uchukue shampuu ya ketokonazoli. Ipake mara mbili kwa wiki, iache dakika tano kabla ya kuisuuza.