Theluji ukingoni mwa Kivu: kwa wadogo wanaoanza kukuza pikseli

Wadogo zangu, nimeonyeshwa ramani ya Goma yenye theluji. Si kule juu Ruwenzori. Hapa hapa ukingoni mwa ziwa, nyumba zinapoishia na maji yanapoanzia. Aliyeichora hakutetereka: "Ni vile kompyuta ilitoa, mukubwa." Kila kundi la mastajiere (wanaojifunza kazi kwetu) linakuja na theluji yake. Nimechoka kurudia, naandika.

1. Namba za tabaka, yaani aina za ardhi, si kiasi. Katika WorldCover, ramani ya dunia ya aina za ardhi, 50 ni majengo, 80 ni maji ya kudumu, 70 ni theluji na barafu. Ukikuza pikseli, vile viraba vinavyounda ramani, kutoka mita 10 kwenda 30, tisa zinakuwa moja. Chukua tatu za nyumba na sita za maji, zipigie average (wastani): 630 kwa tisa, 70. Theluji hiyo. Nyasi (30) zikigawana nusu kwa nusu na majengo zinazaa 40, yaani shamba, na hilo ni baya zaidi kwa kuwa hakuna atakayelicheka. Ni kama kujumlisha namba za simu za watu wawili, kugawa kwa mbili, halafu kumpigia huyo wa katikati. Tabaka zinataka mode, namba inayojitokeza mara nyingi zaidi. Mode nayo humeza vitu vyembamba, barabara na vijito. Ukivihitaji, tengeneza rasta (ramani ya pikseli) ya 0 na 1 kwa kila tabaka, piga average, na utoe Float32, namba zenye desimali, la sivyo utarudishiwa 0 na 1 zile zile.

2. Watu hujumlishwa. Hapa simcheki mtu, maana kosa hili ni langu.

Nilikuwa na WorldPop, rasta ambayo kila pikseli ina idadi ya watu wake, ya sekunde 3 za tao (karibu mita 90), nikaitaka ya sekunde 30 kwa ajili ya mpango wa kugawa maji. Kumi kwa kumi, pikseli mia ndani ya moja. Nikachagua average kwa sababu ilionekana laini. Rangi nilizipanga kwa kwantile, yaani kila rangi ipate pikseli sawa kwa idadi, basi ramani ilitoka sawasawa na ile ambayo ingekuwa sahihi: kartye (mitaa) za Birere na Majengo nyekundu iliyokolea, pembezoni pameparara. Ofisini waliisifu. Nikaichapa A0, nikaipeleka kwenye mkutano wa viongozi wa kartye.

Mzee mmoja wa nyumba kumi hakuangalia rangi. Aliangalia jedwali. "Mtoto wangu, hao wengine walihama lini? Avenue yangu peke yake inapita hesabu yako ya kartye nzima." Nami, badala ya kunyamaza, nikamfundisha setilaiti. Nikamweleza jinsi wataalamu wanavyokadiria watu kutokana na mapaa. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akaanza kuhesabu parseli moja moja kwa vidole: hapa familia tatu, hapa wapangaji wawili na bibi yao. Hajafika mbali nikawa nimeshaelewa, na bado nilikuwa nimesimama mbele ya watu na kijiti mkononi. Jioni nilijumlisha rasta ya kwanza, nikajumlisha yangu, nikagawa moja kwa nyingine: mia moja. Yule mzee alikuwa sahihi, nami ndiye niliyekuwa nikitoa somo.

Siku hizi gdalwarp, amri ya kubadilisha rasta katika programu ya GDAL, ina -r sum (jumlisha), tangu GDAL 3.1 ya mwaka 2020. Hamna kisingizio. Linganisheni jumla ya kabla na ya baada, kila mara.

3. Mteremko: uhesabu kwenye pikseli za mita 30 kwanza, ndipo upige average. Ukianza kwa kulainisha mwinuko, Kadutu ya milimani pale Bukavu itakuwa uwanja wa mpira, na maporomoko ya udongo utayatafuta usiyaone. Kilele cha Nyiragongo, mita 3,470, nacho kitapungua bila mlipuko wowote.

4. Usipotaja -r (njia ya kukokotoa) kwenye gdalwarp, unapewa near, yaani pikseli iliyo karibu zaidi: katika pikseli mia inabaki moja.

5. NoData, namba ya kuonyesha pasipo na kipimo. Fungua gdalinfo, amri ya GDAL inayoeleza rasta, kabla ya kitu kingine. Ile -32768 ya SRTM (rasta ya mwinuko) isipotangazwa kuwa NoData, inaingia kwenye average na kuchimba shimo lisilokuwepo.

6. Rasta mbili zenye pikseli za ukubwa mmoja zinaweza kupishana nusu pikseli, mkabaki mnatoa ramani ya 2020 kwenye ya 2021 na kushangilia "mabadiliko". Wekeni -tr (ukubwa wa pikseli) pamoja na -tap (inayopanga pikseli zote kwenye gridi moja). Aliyeibuni -tap, siku akifika Goma, Primus ya baridi ni juu yangu.